Ng'ombe Si Mkosaji: Tuulize Samadi Yake Imekwenda Wapi

Kuna hukumu moja ambayo imeanza kujipenyeza katika insha za wanafunzi wetu bila ya kupiga hodi, nayo ni kwamba ng'ombe ni adui wa dunia. Mwanafunzi huandika kuwa ng'ombe hucheua na kupiga mbweu, na katika mbweu hizo mna gesi ya methani inayoipasha dunia joto. Kwamba humaliza nyasi na kuuacha udongo uchi. Kwamba huwafukuza swala na punda milia. Na kwa hiyo yafaa apunguzwe au aondolewe kabisa. Katika rundo lilo hilo la madaftari mna insha za kundi la pili, la wale wanaoandika kama walivyofundishwa tangu shule ya msingi: kwamba ng'ombe ni maziwa, nyama, ngozi na samadi, tena ni mahari na heshima, na kwamba anayemlaumu ametumwa na wageni. Mwalimu huwapa wote alama kwa kadiri ya hati na sarufi yao, kisha huendelea na kipindi kingine. Swali lenyewe hubaki pale pale.

Nataka leo nijaribu kulijibu. Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa kilimo, lakini suala hili limejaa maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Fauka ya hayo, naishi Mwiki, katika eneo la Ruiru, mahali ambapo ng'ombe na binadamu hulala ukuta kwa ukuta, na mambo nitakayoyaeleza hayako mbali na mlango wangu. Hoja yangu ni moja. Ng'ombe si mkosaji wala si mwokozi. Ardhi hustawi au huangamia kwa mambo matatu: ng'ombe amekula wapi, mahali hapo pamepumzishwa kwa muda gani, na samadi yake imekwenda wapi. Mtu asiyeuliza maswali hayo matatu, awe anamlaani ng'ombe au anamsifu, bado hajasema neno.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo wanafunzi wengi huvichukulia kuwa ni kimoja: kufuga na kuchunga. Kufuga ni kumweka mnyama na kumtunza awe wako. Kuchunga ni kumtoa mnyama zizini, kumwongoza ale hapa leo na pale kesho, na kumlinda asiingie pasipomfaa. Mtu hufuga kuku, lakini hachungi kuku. Kitenzi hicho hicho cha kuchunga ndicho tunachokitumia tunapomwambia kijana "jichunge", yaani jihadhari. Majirani zetu wa Kikuyu, ambao lugha yao ndiyo ya asili ya Mwiki na Ruiru, humwita mchungaji "mũrĩithi", neno linalotokana na kitenzi cha kula kilichonyambuliwa kiwe cha kumfanya mwingine ale, kwa njia ile ile iliyotupa sisi "lisha" na "malisho" kutokana na "la". Katika lugha hizi zote, basi, ng'ombe hajiendei tu. Yupo mtu anayeamua ale wapi na asile wapi. Uamuzi huo ndio ufugaji wenyewe.

Sababu ya uamuzi huo kuwa na uzito iko katika maumbile ya nyasi. Mti hukua kutoka nchani, lakini nyasi huota kutoka chini, karibu na udongo. Ndiyo maana nyasi ikiliwa ncha yake haifi, bali huchipuka tena kwa kutumia akiba iliyoko mizizini. Ikiliwa mara ya pili kabla ya akiba hiyo kurejea, mizizi hupungua. Ikiliwa mara ya tatu na ya nne, hufa, na mvua ikija huuchukua udongo ulioachwa wazi. Walakini nyasi isiyoliwa kabisa nayo haina heri. Mabua makavu hurundikana, huyanyima machipukizi mwanga, na mwishowe huwa kuni za moto wa nyika. Kinachozinufaisha nyasi ni kuliwa kisha kuachwa. Nyumbu wa Mara na Serengeti hufanya hivyo kwa kuhama kwao kila mwaka bila ya kufundishwa na mtu. Ng'ombe akichungwa na mtu mwenye akili hufanya vivyo hivyo.

Haya si maneno ya kujifariji. Mwaka 2018 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Fiona Marshall, mtaalamu wa mambo ya kale, kuhusu maeneo ya Narok ambako wafugaji waliishi kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi iliyopita. Watafiti waliupima udongo wa mahali palipokuwa na mazizi ya kale, wakakuta una fosforasi, nitrojeni na madini mengine kwa wingi kuliko udongo wa pembeni. Watu wale walikwisha kutoweka, na ng'ombe wao pia, ila samadi ya mazizi yao ingali inalisha nyasi, na nyasi hizo zimekuwa zikiwavuta wanyama wa porini kwa karne na karne. Kiswahili huita mahali palipohamwa "mahame", na katika mashairi yetu neno hilo aghalabu huja na huzuni. Kwa udongo, hata hivyo, mahame ya mfugaji ni karamu.

Huko Laikipia jambo hilo linaonekana hadi leo. Katikati ya vichaka vya migunga mna viwanja vya nyasi fupi, vibichi kuliko sehemu zilizovizunguka, ambamo swala hupenda kukaa. Viwanja hivyo ni alama za maboma ya zamani. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, ambako ng'ombe aina ya Borana hulisha katika ardhi moja na vifaru, tembo na simba, maboma ya kulazia mifugo hutengenezwa kwa vyuma vinavyohamishika, na huhamishwa kila baada ya muda mfupi. Mahali palipokuwa pamekufa hupata samadi na kukanyagwa, kisha hupumzishwa, na nyasi hurudi.

Si mbali na hapo, katika kituo cha utafiti cha Mpala, jaribio lililoanza mwaka 1995 limekuwa likilinganisha vipande vya ardhi: kimoja kina ng'ombe peke yao, kingine kina wanyama wa porini peke yao, kingine kina wote pamoja, na kingine hakina yeyote. Kutokana na jaribio hilo, Wilfred Odadi na wenzake waliandika katika jarida la Science mwaka 2011 jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi angefaa kulisoma. Wakati wa kiangazi, ng'ombe waliolisha pamoja na punda milia na wanyama wengine walinenepa kidogo kuliko waliokuwa peke yao, kwa sababu chakula kilikuwa kichache na waligombania. Wakati wa mvua mambo yaligeuka. Ng'ombe waliochanganyika na wanyama wa porini walinenepa zaidi, maana punda milia hula mabua magumu na kumwachia ng'ombe machipukizi laini. Kwa hiyo swali la kama ng'ombe ni adui wa punda milia halina jibu moja. Jibu hutegemea majira, na mchungaji ndiye ajuaye majira.

Hapa msomaji atauliza, na ana haki kuuliza: ikiwa mambo ni hivyo, mbona wanyamapori wetu wanakwisha? Ni kweli wanakwisha. Joseph Ogutu na wenzake walipokusanya hesabu za ndege za serikali zilizohesabu wanyama katika maeneo makavu ya Kenya kuanzia mwaka 1977 hadi 2016, waligundua kuwa wanyama wa porini walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Hayo ni maangamizi. Lakini tutazame upande wa pili wa daftari hilo. Katika kipindi hicho hicho idadi ya ng'ombe katika maeneo hayo nayo ilishuka, kwa asilimia 25 hivi, ilhali kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76. Ng'ombe na nyumbu wamepungua pamoja. Kilichowapunguza kwa kiasi kikubwa ni kimoja: ardhi ya kutembea imekatwakatwa. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa vipande kwa vipande, hasa huko Kajiado. Ua ukafuata, kisha ubao wa kuuza viwanja. Mfugaji mwenye kipande kidogo hawezi kuchunga. Anaweza tu kufuga. Nyasi zake hazipumziki, ng'ombe wake humfia kila ukame, naye hugeukia mbuzi, ambaye hustahimili vichaka na hali ngumu.

Wazee wetu walilijua jambo hili la kupumzisha ardhi, na ushahidi wake umo katika msamiati wao. Wamasai wana neno "olopololi", yaani malisho yanayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, ambayo kundi kubwa haliruhusiwi kuyagusa. Waborana wana "deedha", eneo la malisho lenye baraza la wazee wanaoamua ni wapi palishwe wakati wa mvua na wapi paachwe hadi kiangazi. Wasukuma wana "ngitili", sehemu inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Nawaomba wanafunzi watambue hapa kanuni ya isimu: lugha haipotezi neno la peke yake kwa jambo lisilo na kazi. Jamii tatu zisizo na asili moja ya lugha zimeunda kila moja neno lake la kuutaja uamuzi ule ule, kwa kuwa kila moja iliuhitaji ili iishi.

Neno ngitili lina kisa ambacho kingefaa kuwa katika kila kitabu cha shule Afrika Mashariki. Shinyanga, kusini mwa Ziwa Victoria, ilikuwa nchi ya miti. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, baadaye kilimo cha pamba kikaongeza ufyekaji, na kufikia miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa ukiitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walitaka kupanda miti kutoka vitaluni, nyingine ya kigeni. Baadaye waligeukia ngitili, ambayo wenyeji waliijua tangu hapo, na kuwaachia wanavijiji na mabaraza yao kuamua sehemu za kufunga na faini za wavunjao amri. Ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Miti ilirudi kutokana na visiki vilivyokuwa hai ardhini, ndege na wanyama wadogo wakarudi, na hewa ukaa ambayo ingelikuwa angani ikafungwa katika miti na udongo. Wasukuma hawakuwaondoa ng'ombe wao. Walirudisha kawaida ya kuamua walishe wapi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Msala upitao nao haukukosa kupita kwetu. Siku hizi ujuzi huu wa kulisha na kupumzisha hurudi Afrika ukiwa na majina mapya, wataalamu wapya na bei. Allan Savory wa Zimbabwe alisafiri dunia nzima akidai kuwa makundi makubwa ya mifugo yakiendeshwa kwa mpango yanaweza kugeuza jangwa na hata kuiponya tabianchi, dai ambalo wanasayansi wengi wamelipinga kwa ukubwa wake. Kaskazini mwa Kenya ulianzishwa mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya udongo kwa makampuni ya ng'ambo, kwa hoja kwamba wafugaji wakipangiwa malisho kwa zamu, udongo utahifadhi kaboni zaidi. Wakosoaji waliuliza iwapo mpango huo uliongeza lolote juu ya deedha, au uliivuruga tu. Mnamo Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ya wananchi kushirikishwa ipasavyo. Somo lililomo ni dogo lakini zito: malisho hayapumzishwi kwa ramani iliyochorwa ofisini. Hupumzishwa na watu wenye haki juu ya ardhi yao, ambao watasikilizana wao kwa wao. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliwapa haki hiyo kwa maandishi. Kazi ya kuitia katika vitendo haijakwisha.

Sasa niwageukie wanaomsifu ng'ombe, maana haki ina pande mbili. Mtu asidanganye wanafunzi kuwa kuchunga vizuri hufuta methani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa mifugo yote duniani hutoa takriban asilimia 12 ya gesi joto zinazosababishwa na binadamu, na sehemu kubwa yake ni ya ng'ombe. Methani haikai angani kwa muda mrefu, miaka 12 hivi, lakini ikiwa huko ina nguvu kubwa ya kuzuia joto kuliko hewa ukaa. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na Tara Garnett wa Oxford lilipiga hesabu likaona kuwa, katika hali iliyo bora, udongo wa malisho ungeweza kufidia baina ya asilimia 20 na 60 ya gesi za mifugo inayolisha humo, tena kwa muda tu, kwa sababu udongo nao hujaa. Na mwaka 2020 watafiti, wakiwamo wa taasisi ya ILRI hapa Nairobi, walionyesha kuwa mazizi ya nyika, samadi inaporundikana humo, hutoa oksidi ya nitrojeni kwa wingi, gesi nyingine yenye nguvu kubwa ya kuongeza joto. Msomaji aone kwamba jambo hili haliivunji hoja yangu, bali linaikaza. Samadi ile ile ikitawanywa juu ya nchi ni chakula. Ikirundikwa mahali pamoja ni sumu.

Na hapo ndipo tunapofika Mwiki.

Ruiru yetu ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta mjini Ruiru watu takriban 240,000; ya mwaka 2019 ikakuta takriban 490,000. Mashamba yamekuwa mitaa ya ghorofa na viwanja vya futi 50 kwa 100, yaani thumni ya ekari. Juu ya thumni hiyo mtu hujenga nyumba, huchimba choo, huweka tangi la maji, na katika pembe iliyobaki hujenga banda la ng'ombe wawili. Ng'ombe hao hawatoki. Chakula huletwa na mkokoteni au pikipiki: mabingobingo, ambayo mtaani tunayaita nepia, yaliyokatwa kando ya barabara au kununuliwa kwa watu wa mbali, pamoja na magunia ya chakula cha dukani. Maziwa huuzwa kwa majirani asubuhi na jioni. Namjua mama mmoja mtaani kwetu aliyewasomesha wanawe wawili hadi chuo kikuu kwa maziwa ya banda la namna hiyo. Asitokee mtu wa kumwambia kuwa ng'ombe wake ni adui wa dunia. Kipato hicho ndicho kilichokuwa karo.

Lakini tuulize maswali yetu matatu. Ng'ombe wa Mwiki amekula wapi? Amekula kando ya barabara, na shambani kwa mtu wa Kiambu au Murang'a ambaye hajamwona. Mahali hapo pamepumzishwa? Hakuna ajuaye, maana anayekata si mwenye ardhi. Na samadi yake imekwenda wapi? Hili ndilo jibu chungu. Baadhi huuzwa kwa magunia kwa wenye bustani, na huo ni mwendo mwema. Nyingi hurundikwa nyuma ya banda, na mvua ya masika ikinyesha huteremka mtaroni, kutoka mtaroni huingia mtoni, na majirani walio chini ya mlima huibeba harufu na maji yake. Udongo wa mbali unanyang'anywa rutuba kila siku kwa mkokoteni, na mto wa karibu unasongwa na rutuba hiyo hiyo. Mali bila daftari huisha bila habari. Nyikani ng'ombe ana miguu, naye hulirudisha deni lake mwenyewe kila atembeapo. Mwiki tunafuga bila ya kuchunga, kwa hiyo kazi ya miguu yake imetuangukia sisi.

Wako watakaosema kuwa dawa ni kupiga marufuku ng'ombe mijini. Siungi mkono. Marufuku humfukuza mwenye ng'ombe wawili na kumwacha mwenye mia mbili, na maziwa ambayo mtoto wa Mwiki angeyapata kwa jirani huja katika pakiti kwa bei ya pakiti. Dawa ni kuurudisha mzunguko. Samadi na mkojo vikitiwa katika mtambo wa gesi ya samadi, methani ambayo ingepanda angani hupikia chai, na tope linalobaki ni mbolea iliyo tayari. Samadi ikifunikwa isipigwe na jua na mvua, nitrojeni haipotei yote. Anayeuza nepia arudishiwe magunia ya samadi kwa mkokoteni ule ule ulioleta majani, badala ya mkokoteni kurudi mtupu. Nepia ipandwe pamoja na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaoingiza nitrojeni udongoni, ambao watafiti wa taasisi ya ICIPE walianza kuwafundisha wakulima wa magharibi mwa Kenya kuutumia tangu miaka ya 1990. Tena ng'ombe aliyeshiba vizuri hutoa maziwa mengi zaidi kwa kila kipimo cha methani anachotoa. Kwa hiyo ng'ombe wawili wenye afya ni bora kwa dunia na kwa mfuko wa mwenyewe kuliko wanne waliokonda.

Haya yote yanahitaji mtu wa kuyaanzisha, nami naona mtu huyo ni shule. Mtaala wetu wa umilisi unadai mwanafunzi atende, asikariri tu, na kilimo kimo miongoni mwa masomo ya sekondari msingi. Basi mwalimu wa Mwiki hahitaji basi la kwenda Laikipia. Awape wanafunzi daftari, wawaendee wenye mabanda kwa adabu na kwa idhini, wawaulize yale maswali matatu, na waandike majibu. Mwalimu wa hisabati awasaidie kujumlisha magunia yanayoingia na yanayotoka. Mwalimu wa jiografia awaonyeshe mtaro unapoelekea. Mwalimu wa Kiswahili awape mada ya insha isiyo "Faida na hasara za ng'ombe", bali "Samadi ya mtaa wetu huenda wapi?" Kisha kipande cha uwanja wa shule, hata kama ni hatua kumi kwa kumi, kitiwe samadi na kufungwa kama ngitili, na kingine cha kulinganishia kiachwe kama kilivyo. Baada ya mihula miwili wanafunzi wahesabu aina za mimea, wadudu na ndege katika kila kimoja. Watakuwa wamefanya kwa ufagio na kamba jaribio la ukoo mmoja na lile la Mpala.

Wanafunzi wenye asili ya Narok, Isiolo, Wajir au Samburu, na shule zetu za Ruiru hazikosi watoto kama hao, waulizwe maneno ya malisho katika lugha za nyumbani kwao. Wengi wao wamejifunza kuyaonea haya maneno hayo, wakidhani ni ya washamba. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliwaua ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia zaidi ya milioni 2 katika nchi yetu, na baadhi ya watoto hao waliletwa mjini kwa sababu zizi la babu yao lilibaki tupu. Siku mtoto huyo atakaposimama mbele ya darasa na kueleza neno moja la babu yake, kisha mwalimu aliandike ubaoni pamoja na methani na nitrojeni kama neno la elimu, tutakuwa tumehifadhi vitu viwili kwa mpigo mmoja: lugha, na maarifa yaliyomo ndani yake. Lugha ya wafugaji ikifa haifi kamusi peke yake. Hufa na ratiba ya malisho ya nchi nzima.

Kwa wakubwa wa kaunti nina ombi moja lisilo la gharama kubwa. Pale wanapopima viwanja na kuchora mitaa mipya ya Ruiru, watenge mahali pa kukusanyia samadi kama wanavyotenga mahali pa takataka, na wenye mashamba ya mboga wajue siku ya kuja kuichukua. Na kwa Bunge, lisiache ua zikaendelea kuota Kajiado na Laikipia mpaka ng'ombe wote wa nchi hii wawe kama wa Mwiki. Sisi wa Mwiki tumekwisha kuziba njia zetu, na tunajitahidi kuishi na matokeo yake. Nchi kavu, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya Kenya, bado ina njia zilizo wazi, za ng'ombe na za punda milia, na ni njia zile zile.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Nundu ya ng'ombe wetu si methani wala si kwato zake. Ni sisi tunaoamua ale wapi, apumzishe wapi, na arudishe nini. Walimu wenzangu, mihula ni mitatu kwa mwaka. Tuanze na huu tulio nao.